Bakuli Lililorudi Tupu

“Linakohoa kama trekta bovu!” Delmar Huebner alikuwa amesimama katikati ya theluji, mkono mmoja umekamata kola ya koti, mwingine umelinyooshea kidole lile dude la Ardis la kupasha nyumba joto, lililokuwa likinguruma kando ya ua. “Linaanza jua likizama, linakohoa mpaka kunakucha. Na dirisha langu la kulala liko hapo, mama. Hapo! Nikinyoosha mkono nalipapasa.”

“Basi lipapase, huenda likanyamaza,” akajibu Ardis Zastrow. Alikuwa ametoka mbio na ndara za nyumbani, koti la mumewe mabegani, mirija ya kusokotea nywele bado kichwani. “Na wewe usingizi umeanza lini? Taa ya jikoni kwako inawaka usiku kucha.”

“Sasa umeanza kulinda taa zangu.”

“Silindi, naziona. Nina macho.”

“Na mdomo,” akasema Delmar. “Usisahau mdomo.”

Ng’ambo ya barabara jirani yao LaVonne alikuwa ameshatoka kutazama sanduku lake la barua. Ilikuwa Jumapili, na posta haileti barua Jumapili, lakini LaVonne alilifungua sanduku, akachungulia ndani, akalifunga, akalifungua tena taratibu, masikio yote mawili yamegeukia huku.

Ardis akiona ana hadhira hazuiliki. Akapandisha sauti. “Unajua kwa nini unaisikia mashine yangu, Del? Kwa sababu yako imekaa kimya! Washa yako, zikohoe pamoja, utalala kama mtoto! Ile pale, mpya kabisa, dada yake na hii yangu, imevaa theluji kichwani kama keki ya arusi! Serikali imekupa pesa ununue, sasa unaibania hata umeme. Ubahili gani huo?”

Uso mrefu wa Delmar, ambao kwa kawaida ulikuwa mwekundu kwa baridi na utani, ulipauka.

“Serikali imenipa nini?” akauliza, kwa sauti ndogo mno hata LaVonne akasogea hatua mbili.

“Ile nafuu ya kodi. Si nilikwambia mimi mwenyewe?”

“Ndiyo,” akasema Delmar. “Uliniambia wewe mwenyewe.” Akaitazama miguu ya Ardis. “Rudi ndani, jirani. Utapoteza vidole na hizo ndara.”

Akageuka, akapanda ngazi zake polepole, akafunga mlango bila kuubamiza. Kama angeubamiza Ardis angefurahi, maana mlango uliobamizwa ni jibu, na jibu lina jibu lake. Lakini ule ulifungwa kwa adabu, kama wa nyumba yenye mgonjwa. Ardis akabaki nje na ushindi wake mkononi, hana pa kuuweka.

Mtaa ule wa mji wa Oshkosh, mbio fupi tu kutoka Ziwa Winnebago, ulikuwa na nyumba nyingi, lakini jiko lilikuwa moja, la Ardis. Miaka mingi alikuwa mpishi wa shule, na alipostaafu hakuweza kupika chungu kidogo. Alipika cha wanafunzi mia, kisha akatafuta wa kukila. Mwenye homa alipelekewa. Aliyefiwa alipelekewa. Aliyegombana na mkewe alipelekewa yeye na mkewe kila mtu lake, na habari zikaja na vyombo. Kwa kuwa kule chombo cha jirani hakirudi kitupu. Ukipeleka viazi vya kuoka na nyama, bakuli linarudi na mkate wa ndizi, au biskuti, au mtungi wa matango ya siki. Ndiyo maana kila mwanamke hubandika kipande cha plasta chini ya bakuli na kuandika jina lake, lisipotee njiani.

La Delmar lilikuwa likirudi na samaki. Tangu alipofiwa na mkewe, Marceline, kila ziwa likiganda mzee alikokota kibanda chake cha mbao mpaka katikati ya barafu, akatoboa shimo kwa keekee, akakaa humo na Rollie, mume wa Ardis, wakitazama shimo na kunyamaza kama watawa. Jioni bakuli la Ardis lilirudi na sangara waliokaushwa kwa moshi wa mti wa tufaha, wamefungwa kwenye gazeti. Ardis aliwapenda samaki wale kuliko alivyopenda kukiri.

Ndipo ikaja habari ya mashine. Ya kwanza ilikuwa ya Ardis. Tanuri lake la zamani, lile la chini ya nyumba linalosukuma hewa ya moto vyumbani, lilizima kabisa siku yenye baridi ya kupasua miti, na kiyoyozi kilikuwa kimekufa majira ya joto yaliyotangulia. Fundi akawauzia mfumo mpya: tanuri dogo safi huko chini, na nje mashine moja inayopoza nyumba wakati wa joto na kuipasha wakati wa baridi. Na akasema, mkinunua hii inayobana umeme, serikali ina nafuu ya kodi. Rollie alikuwa bado anafanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi, kodi yake inakatwa kila mshahara. Ilipofika masika, wakajaza hesabu zao za kodi kama kila mwaka, na marejesho yakaja manono kuliko yalivyowahi kuja.

Ardis hakujua kula kitamu peke yake. Akawa mhubiri. Kwa kinyozi, kwenye foleni ya duka la nyama, kwenye chumba cha kusubiri cha daktari wa meno, mtu akikaa karibu naye kidogo tu, anahubiriwa. “Serikali inakurudishia, mpenzi! Mimi imenirudishia!” Na muumini wake wa kwanza alimpata hapo hapo, upande wa pili wa ua.

Delmar hakutaka. Tanuri lake lilikuwa kubwa kama fahali, limezeeka kama ndoa yake, na mwenyewe alilipenda. Akililaza na kuliamsha, akilipiga kofi la ubavuni likikataa. “Linanijua,” alikuwa akisema. Lakini Ardis alikwenda akakaa jikoni kwake mara baada ya mara, akanywa kahawa yake dhaifu, akamwambia, “Del, siku moja hilo fahali litakuua kwa moshi, na mimi ndiye nitakayekukuta. Usinifanyie hivyo. Kopa ununue, masika serikali itakurudishia sehemu nzuri, utalipa.” Mwisho mzee akasema sawa, akakopa. Vuli ile fahali lilitolewa vipande vipande, na Delmar alisimama uani, kofia mkononi, mpaka gari la vyuma chakavu lilipopinda kona.

Hayo yalikuwa ya vuli. Februari, Ardis alipeleka bakuli la viazi, akangoja samaki wake. Bakuli likarudi limeoshwa, limekaushwa, likaachwa kwenye ngazi bila hodi. Akafunua. Tupu. Akaligeuza kama mtu anayetarajia sangara wametoka kwa nyuma. Tupu.

Hilo lilimchoma, na Ardis akichomwa hupiga simu. Akamwambia LaVonne: Delmar amekuwa bahili tangu apate pesa za serikali. LaVonne akauambia mtaa. Mtaa ukaongeza chumvi. Ijumaa ya kwanza ya Kwaresima, kwenye samaki wa kukaanga wa ukumbi wa kanisa, Delmar alipoingia LaVonne alimwita mbele ya watu, “Karibu Bwana Ruzuku! Leo bia unatulipia wewe!” Ukumbi ulicheka. Ardis alicheka zaidi ya ukumbi. Delmar alitabasamu, akala haraka, akaondoka. Ijumaa zilizofuata hakuonekana.

*

“Umemaliza?” Rollie aliuliza Ardis aliporudi ndani kutoka kwenye ule ugomvi wa Jumapili. Alikuwa mezani, mkate wake wa soseji haujaumwa.

“Yeye ndiye aliyeanza. Anailalamikia mashine yangu na yake kaizima. Bahili yule! Hata—”

“Ardis.”

Rollie alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache aliyatoa kama mtu anayelipa kwa sarafu. Lakini jina la mkewe hakulitaja hivyo hivyo.

“Ameuza kibanda,” Rollie akasema.

“Kibanda gani?”

“Cha barafu. Na keekee. Na ile mitego ya Marceline ya kuvulia. Akamuuzia mtu wa mji wa Fond du Lac, Februari, bei ikiwa juu. Kwa hiyo hakuna samaki. Ndiyo maana bakuli lilirudi vile.”

Ardis akakaa chini. “Anauza kibanda na serikali imem—”

“Haikumpa kitu.” Rollie akausogeza mkate kando. “Alikwenda maktaba kwa yule mama anayesaidia wazee kujaza kodi. Mama akamwambia, hii nafuu inapunguza kodi unayodaiwa. Kwetu sisi, mimi nilikuwa nadaiwa, ikapunguzwa, kilichokatwa kikarudi. Del anakula pensheni yake ya uzeeni tu, hadaiwi kodi hata senti. Sasa ipunguze nini? Hakuna. Na isipotumika haingojei mwaka ujao. Imekwisha.” Akajikuna kidevu. “Alicheka aliponisimulia. Akasema ni kama kipara kupewa kitana. Kitana kizuri, anasema, cha pembe, lakini tazama kichwa chenyewe.”

Ardis hakucheka. “Kwa hiyo mkopo—”

“Analipa mwenyewe. Anapasha nyumba kiasi cha mabomba yasigande tu. Anakaa jikoni na kile kihita cha miguu.”

Ile taa ya usiku kucha. Ardis alihisi joto likimpanda kuanzia shingoni, likapita masikio, likaingia mpaka chini ya mirija ya nywele. “Na wewe ulijua. Tangu Februari ulijua.”

“Aliniambia nisikwambie.”

“Mimi mkeo!”

“Ndiyo,” akasema Rollie. “Wewe hasa.”

Nje mashine ikaanza kunguruma. Barafu ilikuwa imeganda pembeni ya feni, na mapanga yake yakiigusa yanatoa ule mkoromo, khoo, khoo. Majuma yote yale Ardis alikuwa ameuzoea. Sasa kila ukikoroma ulikuwa ukimtaja kwa jina. Ulimi hauna mfupa, huwezi kuuvunja. Wake ulikuwa umeuza kibanda cha mtu, umemlaza jikoni, kisha ukamwita bahili ukumbini na kucheka.

Jumatatu alikwenda. Alivaa koti lake mwenyewe na viatu vya theluji, akabisha hodi, na maneno alikuwa ameyapanga njia nzima, nayo njia ni hatua ishirini. Delmar alifungua mlango nusu. Amevaa kofia ya sufu ndani ya nyumba, na pumzi yake ikaonekana.

“Del, nimekuja kuhusu ile habari ya—”

“Wanasema Jumatano itaanguka tena,” Delmar akasema, anatazama mawingu. “Nzito.”

“Ndiyo, nimesikia. Del, Rollie—”

“Ikiwa nzito sana itavunja ule mti wa Schroeder. Umeshaoza katikati.”

Na Ardis, mwanamke aliyewahi kumuuliza padri mbele ya watu kwa nini amenenepa, akajikuta anasema, “Kweli, ule mti ni wa kukatwa.” Wakauzungumza mti. Wakazungumza chumvi ya barabarani. Ndivyo watu wa huko walivyo: jambo linalouma watalizungushia theluji mpaka liwe kilima, na kila mtu anapita kando. Mwishoni Delmar akasema, “Haya, Ardis, asante kwa kupita,” na mlango ukafungwa kwa ile adabu yake ya kuumiza. Ardis akarudi na maneno yake yote, kama bakuli lililokataliwa.

Siku nne hakupiga simu hata moja. LaVonne alidhani amekufa, akaja kuthibitisha.

*

Ijumaa ukumbi wa kanisa ulijaa kama kawaida: mabenchi marefu, sahani za karatasi, harufu ya mafuta na samaki na makoti mabichi. Ardis alikuwa amekata shauri. Alikuwa amemchafua mtu mbele ya watu, atamsafisha mbele ya watu hao hao. Siri ya Delmar hataigusa. Atataja makosa yake tu. Alimwambia Rollie njiani, na Rollie, akiendesha gari, akasema neno moja: “Usifanye.” Ardis akadhani anamhurumia.

Kabla ya bahati nasibu ya kushindania nyama, alisimama. Akagonga glasi kwa kijiko. Watu wakageuka, wengine wakitabasamu tayari, maana Ardis akisimama kuna kichekesho.

“Nina la kusema,” akaanza, akakohoa. “Majuma yaliyopita nilisema Delmar Huebner ni bahili. Nilisema kwa simu, nikasema dukani, nikacheka hapa hapa alipotaniwa. Nilisema uongo. Yule mtu si bahili, na mimi nina mdomo mchafu. Basi.”

Mtu fulani kule nyuma akaacha kutafuna. Lingeishia hapo lingekuwa jambo jema, na watu wangelisahau wakati wa kahawa. Lakini Ardis alikuwa hajawahi kukaa chini baada ya neno moja tokea azaliwe.

“Na jingine. Nimewaambia wengi wenu mbadilishe matanuri na viyoyozi, serikali itawarudishia. Nilikosea. Inapunguza kodi unayodaiwa. Kama hudaiwi, hupati kitu. Kama kuna mtu alikuwa anataka kutia saini kwa maneno yangu, asitie. Aulize anayejua kwanza.”

Akaketi. Moyoni aliona wepesi kidogo, kama mtu aliyetua ndoo.

Ndipo LaVonne, kwa ile sauti yake isiyojua kunong’ona, akasema kutoka meza ya tatu, “Mungu wangu! Kumbe ndiyo maana Delmar ameuza kile kibanda nilichoona kikikokotwa na gari la mgeni!”

Ungedhani mtu ameangusha sinia. Vichwa vikageukiana. “Kibanda?” “Ile mashine ya nje kwake haiwaki, nimeona mimi.” “Masikini, na ile baridi ya juzi?” “Na sisi tukamwita—” “Usilitaje jina hilo.” “Nani alimshauri anunue?” Na hapo macho yakaanza kumrudia Ardis, moja moja, bila hasira. Angalau yangekuwa na hasira! Yalikuwa na ile huruma ya watu wanaokuona umeketi juu ya keki.

Dakika moja ilitosha. Kile kitu kimoja Delmar alichokuwa amebaki nacho, siri ya shida yake, kilikuwa kimegawiwa ukumbi mzima pamoja na mchuzi wa tartari.

Ardis alimtazama mumewe. Rollie aliweka uma chini, akachukua makoti yote mawili. “Twende nyumbani,” akasema. Samaki wa Ardis walibaki kwenye sahani. Haikuwahi kutokea.

Jumamosi alipika kitu asikile. Kutwa alikaa nyuma ya pazia la jikoni, na alichokiona kilimwongezea maradhi. Alikuja LaVonne kwanza, akitembea kwa tahadhari juu ya barafu, mikononi bakuli limefunikwa foili. Akaliweka kwenye ngazi za Delmar, akabisha, akakimbia, umri ule. Baadaye wakaja mke na mume Schroeder na lao. Mchana wakaja wawili aliowajua kwa sura tu. Jumapili baada ya misa magari yalisimama mlangoni kwa Delmar kama kuna msiba. Na kweli, kwa desturi yao, bakuli nyingi namna ile hupelekwa nyumba moja siku mwenyewe anapokufa.

Kila mlango ulipofunguliwa Ardis alimwona Delmar, na kofia yake ya sufu, akiinama kidogo, akisema asante. Kila asante aliihisi ikimkwaruza. Yule mtu alikuwa ameuza kibanda na mitego ya mkewe ili asimwambie mtu yeyote asante ya namna hiyo.

“Nakwenda,” alimwambia Rollie alasiri.

“Umebeba nini?”

“Sijabeba kitu.”

Rollie akamtazama mikono. Miaka yao yote pamoja hakuwahi kumwona akitoka kwenda kwa mtu mikono mitupu. “Vizuri,” akasema. Kisha akachukua koleo na nyundo ya mpira, akazunguka nyumba kwenda kuibandua ile barafu kwenye feni, jambo ambalo alipaswa kulifanya tangu Krismasi.

*

Safari hii Delmar aliufungua mlango wote. Alikuwa amevua kofia. Kipara chake kiling’aa.

“Wanasema kesho—” akaanza.

“Usiniambie mambo ya theluji, Del,” Ardis akamkata. “Nakuomba. Ukiniambia theluji nitarudi nyumbani na jambo hili tutazikwa nalo. Mimi ndiye niliyekutia kwenye deni. Sikujua, lakini nilisema kama ninayejua. Halafu nikakusengenya. Halafu nikasimama kule nikidhani nakusafisha, nikakuvua nguo. Siri yako ilitoka kwa sababu yangu.”

Delmar alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumsaidia hata kidogo. Wala hakusema si kitu, hakusema imeshapita, yale maneno ambayo mtu wa huko huyatoa hata ukimkanyaga na gari.

“Nilikuwa na kitu kimoja,” hatimaye akasema. “Pesa sikuwa nazo, samaki sikuwa nao. Nilikuwa na hili tu: hakuna anayejua. Naingia dukani kama mtu. Umeelewa? Mtu ana vitunguu, ana mkate, analipa, anatoka. Leo nikiingia duka la nyama watanikatia kipande kikubwa na kunipigia bei ndogo, na watanitazama vile.”

“Najua.”

“Hujui. Wewe umepelekea watu vyakula maisha yako yote. Hujawahi kupelekewa.”

Macho ya Ardis yalimwasha, akayaacha yawashe, kwa maana kulia pale kungekuwa kuomba kufutwa machozi, naye hakuwa na haki ya leso ya mtu.

“Uliona haya wewe, mimi nikaona haya,” Delmar akaendelea, sasa sauti imeanza kupata ule ukali wake wa kawaida, “na sasa mtaa mzima unaona haya, na unajua mtaa ukiona haya unafanya nini? Unaoka! Njoo utazame. Tazama hii balaa!”

Akasogea kando. Nyuma yake Ardis aliona meza ya jikoni, na juu ya meza, na juu ya jiko, na juu ya ile ndoo kuukuu ya samaki iliyogeuzwa kifudifudi, mabakuli. Ya kioo, ya bati, la buluu la LaVonne lenye ufa ukingoni. Viazi na jibini, tambi na jodari, maharage na soseji, na kitu cha kijani kinachotetemeka ambacho lazima kilikuwa cha mke wa Schroeder.

“Yote yana majina chini,” Delmar akasema. “Nimeyageuza. Nitayarudisha na nini, Ardis? Kwa samaki gani? Nikiyarudisha matupu utanisema.”

“Sitakusema.”

“Utanisema. Huwezi kujizuia.”

“Nitajaribu,” akasema Ardis kwa unyonge, na hilo lilikuwa la kweli kuliko lile la kwanza, na wote wawili walilijua. Pembe ya mdomo wa Delmar ikacheza kidogo, ikarudi mahali pake.

“Wewe hujaleta bakuli?”

“Sijaleta.”

“Afadhali. Ungeleta ningekutupia.”

Upande wa pili wa ua nyundo ya Rollie ililia mara tatu, kisha mashine ya Ardis ikaanza kuzunguka, laini, bila kukohoa. Wakaisikiliza wote wawili, kwa kuwa kusikiliza kulikuwa rahisi kuliko kutazamana. Na Ardis akagundua kuwa sauti anayoisikia si ya mashine moja. Akapinda shingo. Ile ya Delmar nayo ilikuwa inazunguka, theluji ya juu yake imeyeyuka upande mmoja, matone yanadondoka.

“Umeiwasha.”

“Watu wanakuja na kuondoka tangu jana, nitawakaribisha kwenye jokofu?” Delmar akakunja uso. “Kwa leo tu. Mpaka chakula hiki kiishe. Haya, umeshakula?”

“Tumeshakula,” Ardis akasema, na tumbo lake, lisilo na kitu tangu Ijumaa, likamsuta.

“Kula kidogo.”

“La, Del. Sistahili.”

“Sikukuuliza unastahili nini. Nimeuliza kama utakula.”

“Siwezi kukaa meza moja na haya mabakuli, nitayatazamaje—”

“Utayatazama, ndiyo. Utakaa hapo, utakula hii tambi ya LaVonne mpaka chini kabisa, na jina lake utalisoma mwenyewe. Halafu utanifundisha kuoka ule mkate wa ndizi, maana nina mabakuli ya kurudisha.” Akaegemea mlango, akapaza sauti juu ya kichwa cha Ardis kuelekea uani. “Rollie! Acha kuigonga hiyo mashine ya watu! Njoo na kiti, mimi vyangu viwili tu!” Kisha akamgeukia Ardis, ambaye bado alikuwa kizingitini, mguu mmoja ndani, mmoja kwenye theluji, hana ujasiri wa kuumaliza mlango. “Na wewe ingia ule, mama. Ingia, ufunge. Hatupashi joto mtaa mzima hapa.”